Faida ya Mwenye Duka na Pakiti Iliyofungwa



Masuala mawili yametufikia juma hili kutoka Garsen, na yote mawili yahusu kitu kimoja kidogo: pakiti ya kadi za picha za wachezaji mpira, zile ambazo watoto wetu huzinunua madukani, huzifungua kwa meno, kisha hubadilishana nje ya chuo kabla mwalimu hajafika. Suala la kwanza latoka kwa mzazi. Asema kwamba pakiti yauzwa shilingi 20 Garsen, ilhali yeye mwenyewe aliiona Malindi kwa shilingi 15, na ataka tumwambie mwenye duka kuwa hiyo ni dhulma. Aongeza kwamba mwanawe wa miaka kumi alipewa shilingi 200 za ada ya chuo, akazimaliza zote kwa kadi katika alasiri moja, na alipoulizwa akajibu kwamba bado hajampata mchezaji mmoja tu, yule aliyemtaka. Suala la pili latoka kwa mwenye duka, naye auliza: je, faida ina kiwango katika dini?

Twaanza na la mwenye duka, kwa kuwa lina jibu la wazi, ingawa jibu lenyewe halitampendeza mzazi.

Faida haikuwekewa kiwango. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alimpa swahaba Urwa al-Bariqi dinari moja ili amnunulie kondoo. Urwa akapata kondoo wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari moja, akarudi na kondoo mkononi na dinari mfukoni. Hiyo ni faida ya mia kwa mia, na Mtume hakumkemea, bali alimwombea baraka katika biashara yake. Tena bei zilipopanda Madina na watu wakaomba wapangiwe, Mtume alikataa, kwa kuchelea kukutana na Mola wake ilhali yuko mtu anayemdai haki ya mali yake. Ni kweli wako wanavyuoni, Ibn Taymiyya akiwa mmoja wao, waliosema kwamba mtawala ana haki ya kupanga bei pale wauzaji wanapokula njama au wanapoficha chakula cha watu. Na serikali yetu hufanya hivyo kwa mafuta ya gari na ya taa, ambayo bei yake ya juu hutangazwa na EPRA kila mwezi, mji kwa mji. Lakini kadi ya mchezaji si mafuta ya taa. Hakuna nyumba itakayolala gizani kwa kuikosa.

Mwenye duka ametuandikia hesabu yake, nasi twaiweka hapa kwa idhini yake, kwa sababu wengi wetu tumezoea kusimama upande mmoja tu wa kaunta. Boksi la pakiti 48 alilinunua Mombasa kwa shilingi 600, yaani kila pakiti shilingi 12 na nusu. Basi lilimtoza shilingi 60 za mzigo. Boksi likafika Garsen likiwa limemgharimu shilingi 660. Akiuza pakiti zote kwa shilingi 20 apata shilingi 960, na faida yake ni shilingi 300. Hiyo ni kama shilingi 45 kwa kila mia aliyoitoa.

Mzazi akisikia hivyo atashtuka, kwani kilo ya sukari humpa muuza duka huyo huyo shilingi chache tu. Lakini gunia la sukari huisha kwa siku mbili tatu, na fedha yake hurudi ikazunguka tena. Boksi hili la kadi, kwa maneno yake, lina wiki ya saba rafuni na bado halijaisha. Pakiti mbili zilirowa mvua, moja ilipasuliwa na vidole vya watoto waliokuwa wakipapasa kilichomo, na kodi ya chumba haingoji. Bidhaa iendayo polepole hubeba faida kubwa kwa kila kipande. Ndivyo ilivyo kwa vitabu, kwa manukato, na kwa vipuri vya baiskeli. Muuzaji wa Malindi yu karibu zaidi na Mombasa, na wateja wake ni wengi. Wa Garsen ana safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka Mombasa, na sisi watu wa Tana twaijua njia yetu. Tumeona katika mvua za mwisho wa mwaka 2023 jinsi maji yalivyoikata barabara ya kwenda Lamu, na kila kilichobaki dukani kikawa na bei nyingine. Zile shilingi tano kati ya Malindi na Garsen ni za njia. Hatuwezi kuziita dhulma.

Jambo moja twamtahadharisha mwenye duka. Akiuza kwa kutaja bei yake tu, mnunuzi akakubali au akakataa, hiyo ni biashara ya kupatana na halazimiki kueleza alinunua kwa kiasi gani. Lakini siku atakaposema, "Mimi mwenyewe nimeinunua kwa 18, nipe mbili tu za jasho langu," hapo amekwisha kuingia katika murabaha, biashara ya kutaja mtaji na faida, na kusema uwongo juu ya mtaji ni khiyana hata kama bei ni nafuu kuliko ya jirani. Maneno hayo ya "nimenunua kwa" yasemwa ovyo mno katika masoko yetu.

Sasa twaja penye uzito.

Imam Ghazali katika Ihya Ulum al-Din asimulia kisa cha Yunus bin Ubayd wa Basra, aliyekuwa akiuza nguo, nyingine za dirhamu 400 na nyingine za dirhamu 200. Alikwenda kuswali akamwachia duka mwana wa nduguye. Akaja bedui akitaka nguo ya 400. Kijana akamtolea ya 200, bedui akaipenda, akalipa 400 na kuondoka nayo begani. Yunus akakutana naye njiani, akaitambua nguo yake, akamuuliza bei, kisha akamtaka arudi. Bedui akasema ameridhika, na kwamba kwao nguo kama hiyo yafika 500. Yunus hakukubali. Alimrudisha dukani, akamrejeshea dirhamu 200, na akamgombeza sana kijana.

Wengi wakisimulia kisa hiki husimama penye fedha iliyorudishwa. Sisi twaomba msomaji amtazame bedui. Yule alikuwa mtu mzima; aliiona nguo, aliishika, aliipima kwa macho, akaridhika kwa hiari yake. Hata hivyo Yunus aliona kwamba ridhaa yake ina tundu, kwa sababu kuna kitu muuzaji alikijua na mnunuzi hakukijua. Je, vipi basi mtoto wa miaka kumi, ambaye anachokinunua hakukiona kabisa?

Katika zama za ujahilia palikuwa na biashara ikiitwa bay' al-hasat, biashara ya kijiwe. Namna yake mojawapo ni kwamba mnunuzi hutoa thamani, kisha hurusha kijiwe juu ya nguo zilizotandazwa, na nguo itakayoangukiwa ndiyo yake, iwe nzuri au mbovu. Mtume (S.A.W.) aliikataza, na katika hadithi hiyo hiyo iliyopokewa na Muslim akakataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo mwisho wake umefichika. Pakiti ya kadi na kijiwe ni ndugu. Tofauti ni kwamba yule wa kijiwe alau aliziona nguo zote kabla ya kurusha.

Lau kadi zote zingekuwa na thamani moja, tungesema gharar hii ni ndogo, kama mtu anunuaye komamanga bila kuzihesabu punje. Lakini muulizeni mtoto yeyote. Atakwambia kwamba mlinda lango fulani hana thamani ya pipi, na kwamba mshambuliaji fulani hubadilishwa kwa kadi kumi au kwa shilingi 50 taslimu. Hiyo ndiyo bei ya pili, ambayo haiko dukani. Bei ya dukani ni 20 kwa kila pakiti. Bei ya uwanjani ni sufuri kwa nyingi na 50 kwa moja. Mtoto halipi shilingi 20 kwa ajili ya karatasi iliyomo. Huilipia nafasi ya kuipata ile ya 50.

Tumeketi na kalamu tukaipiga hesabu ya nafasi hiyo. Tufanye kwamba kila pakiti ina kadi moja, na kwamba timu ina wachezaji 11, nao wamechapishwa kwa idadi sawa. Baba atadhani kwamba timu nzima itamgharimu mwanawe pakiti 11, shilingi 220. Haiwi hivyo. Mwanzoni kila pakiti huleta sura mpya, na wachezaji sita wa kwanza hupatikana kwa wastani wa pakiti nane. Kisha sura zaanza kujirudia. Mchezaji wa mwisho peke yake hutaka wastani wa pakiti 11, na wawili wa mwisho pamoja hutaka kama 16 au 17. Jumla ya timu ni pakiti 33, yaani shilingi 660. Na mtoto anunuaye pakiti kumi akimtafuta mchezaji mmoja, kama alivyofanya huyu wa ada ya chuo, hesabu yaonyesha kwamba karibu watoto wanne katika kila kumi watarudi nyumbani bila yeye. Hayo ni endapo kiwanda ni kiadilifu. Kikichapisha nyota wachache kuliko wengine, shimo huzidi kina, na pakiti tulizoletewa kutoka Garsen hazina maandishi yoyote ya kueleza wachezaji ni wangapi wala nani ni adimu. Hazina hata bei.

Ulaya, ambako bei hujulikana, jambo ni lile lile. Kampuni ya Panini ya Modena, Italia, imekuwa ikitoa albamu za Kombe la Dunia tangu mashindano ya Mexico ya mwaka 1970. Kwa Kombe la mwaka 2018 albamu ilikuwa na picha 682, na Uingereza pakiti ya picha tano iliuzwa kwa peni 80, ilhali miaka minne nyuma ilikuwa peni 50. Watu wakalalamikia nyongeza hiyo ya peni 30, kama mzazi wetu alalamikavyo shilingi tano. Lakini mwanahisabati wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Profesa Paul Harper, alipiga hesabu ya aina ile tuliyoipiga hapo juu. Lau hakuna picha ijirudiayo, pakiti 137 zingetosha, kwa pauni 109 na kitu. Kwa bahati ya kawaida, mtu asiyebadilishana na wenzake angehitaji kama pakiti 967, pauni 773. Ipigeni tofauti hiyo mara mbili au tatu mpendavyo, mtaona kwamba nyongeza ya muuza duka ni kitu kidogo mbele ya nyongeza iliyomo ndani ya pakiti yenyewe. Ile ya duka yaonekana na kugombewa. Hii ya ndani haigombewi na mtu, kwa kuwa haikuandikwa popote.

Tena ziko nchi ambazo watu wazima wameingia katika mchezo huu wa watoto. Kadi za Pokémon zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996. Mwaka 2021 Mmarekani mmoja maarufu, Logan Paul, alitoa dola 5,275,000 kwa kadi moja yao. Mwaka huo huo walanguzi walikuwa wakipanga foleni alfajiri mbele ya maduka makubwa ya Marekani, wakimaliza maboksi yote kwa bei iliyopendekezwa na kiwanda, kisha wakiyauza kwa bei ya juu kwa wale waliokuta rafu tupu. Mwezi wa Mei ugomvi juu ya kadi ukazuka nje ya duka la Target huko Wisconsin hata bastola ikatolewa, na kampuni hiyo ikasimamisha kwa muda uuzaji wa kadi ndani ya maduka yake. Basi mwenye kudhani kwamba bei iliyochapishwa na kiwanda ingetuponya na azingatie: bei ile ilikuwapo, na ilimfaa mlanguzi.

Si kwamba twakejeli ukusanyaji. Jirani zetu wa Witu wana habari yake: mwaka 1889, siku za Sultan Fumo Bakari, zilichapishwa stempu kwa jina la nchi hiyo, na hata leo wako wakusanyaji wazitafutao ingawa Usultani wenyewe umekwisha kitambo. Karatasi yaweza kuwa mali. Lakini anunuaye stempu ya Witu huiona, huigeuza nyuma na mbele, ndipo atoe fedha.

Je, tuseme kwamba kadi hizi ni kamari? Mufti wa Saudia, Sheikh Abdulaziz Aal al-Sheikh, alipotoa fatwa dhidi ya Pokémon mwaka 2001, kamari ilikuwa mojawapo ya hoja zake. Zilikuwapo hoja nyingine juu ya alama zilizochorwa kwenye kadi, na katika hizo hatuingii. Wako pia wanavyuoni wa leo wasemao kwamba maadamu mtoto hupata karatasi fulani kwa kila shilingi, na lengo lake ni kucheza, haifiki daraja ya kamari. Rai yetu yategemea huyo mnunuzi anataka nini. Anunuaye ili acheze na chochote atakachokipata, jambo lake ni jepesi, ingawa kuacha ni bora. Anunuaye kwa kukimbiza kadi ya 50, akatupa zilizobaki chini kama tunavyoziona zimezagaa kituoni Minjila, huyo amerusha kijiwe.

Na muuzaji awezaye kujua kilichomo akakificha ni mbaya zaidi. Huko ng'ambo wako waliogundua kwamba kadi adimu huwa nzito kidogo kwa karatasi yake ya kung'aa, wakazipima pakiti kwa mizani ndogo, wakajitwalia nzito na kuwauzia watoto nyepesi. Huo ni ghushi bila shaka, na hakuna ikhtilafu ya madhehebu itakayouokoa.

Lipo pia suala la umri, ambalo hakuna aliyetuuliza. Katika madhehebu yetu ya Shafi, mtoto ambaye hajabaleghe hafungi mkataba wa mauzo. Madhehebu mengine yamruhusu mtoto mwenye kupambanua kwa idhini ya walii wake, na ada ya watu kote pwani ni kumtuma mtoto chumvi na kiberiti. Hayo ni mahitaji ya nyumba na walii ndiye aliyetuma. Lakini mtoto ajapo na noti ya 200, ananunua pakiti kumi moja baada ya nyingine, akifungua na kurudi, mwenye duka ajua vizuri kwamba hakuna mama aliyemtuma hivyo. Kwa kauli yoyote kati ya hizo, idhini haipo. Fedha hiyo, kwa rai yetu, mzazi ana haki ya kuidai, na kadi zirudishwe dukani zote, hata ile nzuri iliyopatikana. Tumewaandikia wote wawili hivyo, na mwenye duka, Mola amlipe kheri, hakubisha. Alichouliza ni afanye nini na pakiti zilizobaki, kwani mtaji wake umo humo.

Tumemjibu azipasue zote. Azipange kadi juu ya kaunta, sura juu, chini ya kioo, na kila moja aiandikie bei yake: zisizotakwa shilingi mbili, za wastani tano, na yule mshambuliaji kama wamtaka kwa 50 basi 50, hatutamzuia. Faida yake ni halali yake hata ikizidi ile shilingi 300 ya mwanzo. Mtoto ataiona kadi, atajua fedha yake yanunua nini, na akiwa hana idhini ya mzazi atatazama tu. Ikiwa mwisho wa boksi atapata hasara, hiyo ni hasara ya biashara kama mchele uliovamiwa na fukusi, na asiifidie kwa kuagiza boksi jingine lililofungwa.

Kwa mzazi tuna neno dogo. Tumesikia kwamba ameapa kuzichoma kadi zote za mwanawe mbele ya nduguze. Zile za fedha ya ada zarudi dukani, si zake kuzichoma. Zile alizopewa na rafiki zake au alizozinunua kwa zawadi ya Idi ni mali ya mtoto, na mali ya mtoto huhifadhiwa. Iliyo bora ni aketi naye, amwambie azitandaze kadi sakafuni, na wazihesabu pamoja zinazofanana.

Wiki ijayo, panapo majaaliwa, tutaingia katika suala la msomaji wa Ngao juu ya mwembe uliopandwa mpakani mwa mashamba mawili, na maembe yaangukayo upande wa jirani. Wabillahi tawfiq.